Wafuasi Wengi, Jumuiya Chache: Mitandao ya Kijamii na Uaminifu wa Mtaa Kinondoni na Temeke

Katika mitaa ya pembezoni mwa Mkoa wa Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni hadi Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, taarifa ya msiba siku hizi hufika kwenye simu kabla ya kufika mlangoni. Ujumbe hutumwa katika kundi sogozi la WhatsApp la mtaa, ukitaja jina la marehemu, nyumba ulipo msiba na namba ya kupokelea rambirambi. Chini yake orodha huanza kujengeka: jina, kiasi, alama ya tiki. Kila anayechangia huinakili orodha yote, huongeza jina lake na kuirudisha kundini. Ifikapo jioni, daftari ambalo zamani lilishikwa na mzee mmoja chini ya turubai linakuwa limesomwa na mtaa mzima.

Hakuna kampuni iliyolipia tangazo ili orodha hiyo ijae, wala mtaalamu wa masoko aliyeiandaa. Hata hivyo, orodha hiyo inafanya kazi ambayo kampuni, vilabu, wasanii na wafanyabiashara wadogo hutumia fedha na muda mwingi kuitafuta: inawafanya watu watoe, waaminiane na warudi tena. Ndiyo maana ni vyema kujiuliza kwa nini ukurasa wenye wafuasi laki kadhaa unaweza kukosa hata watu kumi wa kuutetea, ilhali kundi la kaya 80 linaweza kuchangishana hadi likajaza kifusi barabara nzima ya mtaa.

Takwimu zinasaidia kuelewa mazingira ya swali hilo. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, kutoka 4,364,541 mwaka 2012. Wilaya ya Temeke ilikuwa na watu 1,346,674 na Kinondoni watu 982,328. Mji umekuwa ukitanuka kuelekea pembezoni, ambako viwanja bado vilipatikana, na majirani wa huko mara nyingi ni watu waliokutana ukubwani: mmoja ametoka Kilimanjaro, mwingine Lindi, mwingine Magomeni baada ya nyumba ya urithi kuuzwa. Wengine hawakupanga kuhama. Waathirika wa mafuriko ya Desemba 2011 katika Bonde la Msimbazi walipewa viwanja Mabwepande mwaka 2012 na kuanza maisha upya miongoni mwa watu wasiowafahamu. Wakati huohuo simu janja zimeenea. Kwa mujibu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), laini zinazotumia huduma ya intaneti nchini zilikwishavuka milioni 40 kufikia mwishoni mwa mwaka 2024, ingawa mtu mmoja huweza kumiliki laini zaidi ya moja.

Kwa wakazi wa aina hiyo, kundi la mtaa lilijaza nafasi iliyokuwa wazi. Humo hujadiliwa ulinzi shirikishi, nguzo ya umeme iliyoanguka, mtoto aliyepotea, gari la taka ambalo halijapita na mchango wa greda. Mtu aliyeishi miaka mitatu bila kumjua jirani wa nyumba ya nne hulijua jina lake kwanza kwenye orodha ya michango, kisha sura yake kwenye msiba. Mtandao humtambulisha, kinachomfanya kuwa jirani ni kuonekana pale shughuli inapofanyika.

Mpangilio huo una historia ndefu kuliko simu yenyewe. Dar es Salaam ilizoea vyama vya kuzikana, vikundi vya ngoma na vilabu vya soka tangu enzi za ukoloni. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na kwa miongo mingi wanachama wao walijuana kupitia matawi. Tawi lilikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Mwanachama alipofiwa, tawi lilifika. Leo kurasa za vilabu hivyo zina wafuasi kwa mamilioni, na maofisa habari wao wamekuwa watu maarufu kwa utani na tambo zao. Lakini nguvu ya kurasa hizo huonekana siku ambayo watu huitwa wakaitika. Simba ilianza kuadhimisha Simba Day mwaka 2009, na Yanga ikaanzisha Wiki ya Mwananchi mwaka 2019. Kwa wiki kadhaa kabla ya siku hizo kurasa huhamasisha, na matawi hukodi mabasi, hushona sare, hutembelea wagonjwa na kuchangia damu. Kilele chake hufanyika mara nyingi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Temeke, wenye uwezo wa kuchukua watazamaji 60,000. Ukurasa bila tawi ungetoa tangazo tu.

Ndani ya wilaya hizohizo mbili kuna vilabu vinavyoonesha upande wa pili wa hoja hii. Azam FC ya Chamazi ina uwanja wake, miundombinu ya kisasa na kampuni mama yenye chombo cha televisheni, na ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu msimu wa 2013/14 bila kupoteza mchezo. KMC, inayomilikiwa na Halmashauri ya Manispaa ya Kinondoni, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018. Vilabu vyote viwili vina kurasa zinazoendeshwa kwa weledi. Hata hivyo, mashabiki wao hawajafikia wingi wala hamasa ya wale wa vigogo wawili wa Kariakoo. Fedha na picha nzuri hurahisisha kazi, lakini mapenzi ya mashabiki hukua kwa kumbukumbu za pamoja, na kumbukumbu hizo huhitaji miaka. Klabu iliyozaliwa karibuni italazimika kuzijenga mtaa kwa mtaa, kupitia shule za Mbagala na viwanja vya vumbi vya Tegeta, kabla ya kuzivuna mtandaoni.

Kwa upande wa watu binafsi, mfano unaofahamika zaidi ni wa msanii Naseeb Abdul, maarufu kama Diamond Platnumz. Mwaka 2018 alitoa albamu aliyoipa jina la A Boy from Tandale, akikifanya kitongoji cha Kinondoni kuwa sehemu ya chapa yake mbele ya dunia. Oktoba mwaka huohuo aliadhimisha siku yake ya kuzaliwa Tandale kwa kutoa misaada kwa wakazi. Wapo walioliona tukio hilo kama utangazaji, na wapo walioliona kama shukrani. Katika hali zote mbili lilithibitisha kuwa msanii mwenye wafuasi kwa mamilioni bado alihitaji mahali pa kurudi, mbele ya watu wanaoweza kusema walimwona akiwa mdogo.

Muziki wa singeli umepita njia hiyohiyo bila fedha nyingi. Ulikulia katika maeneo kama Manzese, Tandale, Mburahati na Mbagala, ukisikika kwenye shughuli za mitaani na kusambazwa kwa kadi za kumbukumbu za simu kabla vifurushi vya intaneti havijawa vya kawaida. Mwaka 2017 kazi za studio ya Sisso ya Mburahati zilikusanywa katika albamu iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Uganda, na wasanii wake wakaanza kualikwa kwenye matamasha ya Ulaya. Wasikilizaji wa kwanza, ambao pia ndio walikuwa wasambazaji wa kwanza, walikuwa vijana wa mtaa waliorushiana nyimbo simu kwa simu. Mtandao uliipeleka singeli mbali baada ya mtaa kuikubali.

Kabla ya Instagram, mpiga picha Muhidin Issa Michuzi alikwishaonesha kanuni hii. Blogu yake, aliyoianzisha Septemba 2005, ilipata wasomaji wengi miongoni mwa Watanzania waishio nje ya nchi kwa sababu iliweka taarifa za misiba, harusi na mikusanyiko ya watu wa kawaida kando ya habari za viongozi. Msomaji aliyekuwa London aliiona picha ya shemeji yake na akajua bado yumo katika ukoo.

Somo hilo sasa linafanyiwa kazi na wafanyabiashara wadogo. Mwanamke anayeuza magauni kutoka Tandika, au anayeoka keki nyumbani kwake Tegeta, huenda hana fremu ya duka. Duka lake ni ukurasa wa Instagram na “status” ya WhatsApp. Ghala lake ni chumba cha watoto. Msafirishaji wake ni kijana wa bodaboda anayemwamini. Mteja hamwoni. Kinachosimama badala ya duka ni mwenendo wake: bei kuandikwa wazi badala ya kufichwa, picha ya bidhaa yenyewe badala ya ile iliyochukuliwa kwingine, na ruhusa ya kulipia mzigo ukifika. Wauzaji wengi huweka pia jumbe za shukrani za wateja, ingawa jumbe hizo huweza kutengenezwa na mteja mzoefu hulijua hilo.

Kipimo kizuri zaidi ni jinsi muuzaji anavyolipokea lalamiko. Mteja anapoandika hadharani kuwa nguo imekuja ndogo au keki imefika imebonyea, kuna muuzaji anayefuta maoni na kumfungia mteja, na kuna anayejibu palepale, “Samahani dada yangu, irudishe leo, nauli juu yangu.” Wa kwanza amelinda mwonekano wa ukurasa. Wa pili amewapa watu mia moja waliosoma jibu hilo sababu ya kununua. Baada ya miezi kadhaa wateja wa namna hiyo huanza kujibiana wenyewe, hueleza saizi, hutetea bei na kuwaonya wenzao kuhusu kurasa bandia zinazotumia jina la muuzaji. Hapo ndipo biashara inapokuwa imepata jumuiya.

Kampuni kubwa zilizofanikiwa pia zilianza kwa kutazama kile ambacho wananchi walikuwa wakikifanya tayari. Vikundi vya kuweka na kukopa, vinavyojulikana zaidi kama vikoba, vina chimbuko lake katika mfumo ulioanzishwa nchini Niger mwaka 1991 na Shirika la CARE, kisha ukaenea hadi Tanzania. Katika mfumo huo fedha huwekwa kwenye kasha lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti. Kasha halifunguliwi mpaka wote watatu wawepo, na hesabu husomwa mbele ya wote. Mwaka 2019 Vodacom Tanzania na Benki ya TPB, ambayo sasa ni Benki ya Biashara Tanzania (TCB), zilizindua huduma ya M-Koba, inayowezesha kikundi kuweka michango kwa simu. Wanachama huarifiwa kuhusu miamala, na fedha haitoki kwa uamuzi wa mtu mmoja. Kufuli tatu zimegeuka namba za siri, lakini kanuni ni ileile ambayo akina mama wa Mbagala waliifahamu kabla ya kampuni yoyote kuitengenezea programu.

Kufuli hizo zinakumbusha pia hatari iliyopo pale zinapokosekana. Wakazi wengi wa Dar es Salaam wanaikumbuka DECI, iliyokuwa na ofisi zake Mabibo, wakati huo ndani ya Wilaya ya Kinondoni. Washiriki “walipanda mbegu” na kuahidiwa “kuvuna” mara kadhaa ya walichopanda. Habari zake zilisambazwa na ndugu, majirani na waumini wenza, watu ambao neno lao halikuhitaji maandishi. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake kwa kuendesha upatu kinyume cha sheria. Wakati huo mbegu ilitembea kwa miguu. Leo mwaliko wa namna hiyo huingia kwenye makundi yote ya mtu kwa dakika moja, ukiwa na picha za watu wanaodai wamekwisha kulipwa. Wanaoumia zaidi ni wale waliowaalika wenzao kwa nia njema, kwa sababu hupoteza akiba na heshima kwa pamoja.

Madhara mengine yameonekana katika mikopo ya mtandaoni. Baadhi ya programu za kukopesha zilisoma orodha ya majina katika simu ya mkopaji, na alipochelewa kulipa ziliwatumia ujumbe wa kumfedhehesha ndugu, mwajiri na majirani ambao hawakuwahi kumdhamini. Mahusiano ya mtu yaligeuzwa dhamana bila ridhaa ya wahusika. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa madhumuni halali yanayofahamika, na mwananchi aliyekiukwa anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kuhusu ujumbe wa kitapeli, ukiwemo ule wa “ile pesa tuma kwenye namba hii”, TCRA imeweka namba 15040 ya kuripoti, na mwananchi anaweza kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake kwa kupiga *106#.

Sheria ina mipaka yake, hata hivyo. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi vya kijamii katika daraja la nne na kuvitaka visajiliwe, lakini usajili pekee hauwafanyi wanachama waaminiane. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa Aprili 2023 baada ya ukaguzi kubaini kasoro, vikiwemo vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Watu wanaokusanyika kwa ajili ya fomu hutawanyika fedha inapoingia. Afisa maendeleo ya jamii anayetaka kukitambua kikundi hai anaweza kuanza kwa kuuliza nani alihudhuria msiba wa mwisho wa mwanachama.

Taasisi za umma nazo zinapimwa kwa mizani hiyohiyo. Ukurasa wa halmashauri unaoweka picha za ziara na vikao huku swali la mkazi kuhusu maji au mtaro likikaa wiki mbili bila jibu utapata wafuasi, lakini hautapata wadau. Ukurasa unaotangaza hitilafu mapema, ukaeleza sababu na kurudi kusema kazi imekamilika, hujenga uvumilivu hata pale huduma inapochelewa. Mwenyekiti wa mtaa anayeweka mapato na matumizi ya mchango wa barabara kundini, pamoja na picha ya stakabadhi, hupunguza maneno kuliko anayefunga kundi ili aandike yeye peke yake.

Lipo pia suala la wanaobaki nje. Bibi mwenye simu ya kitochi, fundi ambaye kifurushi chake huisha Jumatano na mpangaji aliyehamia juzi hawamo katika kundi. Pale kundi linapokuwa ndilo daftari pekee la mtaa, wasiokuwamo huhesabiwa kuwa hawakuchanga wala hawakufika, wakati ukweli ni kwamba hawakuambiwa. Mitaa iliyoliona tatizo hili mapema imebaki na wajumbe wa kupita nyumba kwa nyumba na tangazo la kipaza sauti msikitini au kanisani, na kundi la WhatsApp likaongezwa juu ya njia hizo.

Kwa mkazi wa Kinondoni au Temeke anayealikwa kila siku kujiunga na kundi, ukurasa au mpango mpya, maswali matatu yanatosha kwa kuanzia. Je, anayeongoza anajulikana kwa jina na mahali alipo? Je, hesabu zinaonekana kwa kila mwanachama? Je, anayelalamika hujibiwa au huondolewa? Chapa, msanii au kiongozi anayeweza kuyajibu maswali hayo bila kusitasita ana msingi wa jumuiya, hata kama wafuasi wake ni wachache.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtandao umeifanya fimbo kuwa ndefu sana, na wakati mwingine imefika hadi Ulaya na kurudi na msaada. Lakini turubai linapofungwa Chamazi usiku wa manane, anayeshika kamba upande wa pili ni jirani. Kundi la WhatsApp limefanya kazi yake ikiwa limemwezesha jirani huyo kupata taarifa na kufika.